Bampa na vioo vya mitumba: geuza utazame nyuma kabla hujatoa pesa



Kila mara mvua za masika zinapoisha na kuziacha njia zetu za ndani na makorongo yake, simu yangu huwa haitulii. Huyu katoka Garsen na bampa limepasuka katikati. Yule kioo chake cha ubavuni kimebaki juu ya mti wa mwiba njia ya Kinango. Wa tatu hakwenda popote. Kalala kwake Majengo, alfajiri anatoka kwenda kuswali, akakuta Prado yake haina grili. Swali lao ni moja: wapi nitapata ya mtumba, na nitajuaje kama sipigwi?

Wananiuliza mimi kwa sababu diploma yangu ni ya ufundi wa magari, na kabla sijaanza kuandika safu hii nilikaa miaka kadhaa katika stoo ya vipuri ya kampuni moja ya kusafirisha watalii. Kazi yangu ilikuwa kutafuta vitu vya Land Cruiser na Land Rover zilizokuwa zikirudi kutoka Tsavo zimechunwa ngozi. Injini sitaigusa leo. Nazungumzia vazi la nje la gari: bampa, grili, vioo vya ubavuni, kope za plastiki zinazozunguka tundu la gurudumu, ngazi za kukanyagia, mikanda ya milango, kifuniko cha gurudumu la akiba, raba za matope. Watu huviona ni urembo mpaka siku vinapokosekana. Ndipo mtu anagundua kwamba bila kope ile tope lote linaishia kwenye mlango na kokoto zinakula rangi, na kwamba bila kioo cha kushoto hajui bodaboda yuko wapi, na Mombasa bodaboda yuko kila mahali.

Mtumba huu unatufikia kwa njia tatu, na kila njia ina aibu yake.

Ya kwanza ni Japani. Kule gari jipya hukaguliwa baada ya miaka mitatu, kisha kila miaka miwili, na ukaguzi huo pamoja na kodi na matengenezo yake una gharama. Wengi huona heri wauze gari likiwa bado lina uhai. Tangu Januari 2005 kuna pia sheria ya kurejeleza magari, ambayo humlipisha mwenye gari ada ya kulivunja siku ikifika. Kwa hiyo zipo yadi zenye utaratibu mzuri, gari linafunguliwa kipande kwa kipande na kila kipande kinaandikwa. Na kwa kuwa Wajapani huendesha upande wa kushoto kama sisi, vioo na taa zao hutukalia sawa. Aibu yake ni theluji. Katika mikoa ya baridi barabara humwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke, na chumvi hiyo hula chuma kutoka chini. Bampa la plastiki halina neno, lakini ngazi ya kukanyagia au bampa la chuma la Land Cruiser 70 linaweza kuja linang'aa juu, ndani limeshakuwa biskuti.

Njia ya pili ni Ghuba, hasa Sharjah, ambako kuna mitaa mizima ya kuvunja magari. Wengi wetu Pwani tuna ndugu au shemeji huko, na ujumbe wa sauti mmoja unatosha kumtuma dukani. Land Cruiser na Prado ndizo gari za watu wa kule, mali iko tele, na jua lao kali halina kutu. Lakini kule usukani uko kushoto. Bampa, grili na kope hazijali usukani uko wapi. Taa za mbele zinajali. Taa ya gari la usukani wa kushoto imetengenezwa kuinua mwanga upande wa kulia, kwenye ukingo wa barabara yao. Ukiifunga hapa, mwanga ule unamwingia machoni anayekuja mbele yako, hata ukiwa umeshusha. Vioo vya ubavuni navyo hukatwa pembe yake kulingana na dereva alipoketi. Mtumie shemeji akuletee bampa, lakini taa na vioo mwambie aache.

Njia ya tatu ni hapa hapa nyumbani: magari yaliyopata ajali na kuuzwa na kampuni za bima, magari ya mashirika yaliyochakaa, na, tusifichane, vilivyochomolewa usiku kwenye gari la mtu. Hili la mwisho nitalirudia, maana ndilo lililonifanya niandike.

Hapa pana jambo ambalo wengi hawalifikirii. Kiwango cha KS 1515:2000 kinazuia kuingiza nchini gari lililopita miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Prado ya J120 iliacha kutengenezwa 2009, kwa hiyo hakuna nyingine itakayoshuka Kilindini. Zilizopo ndizo hizo hizo, na kila mwaka zinapungua kwa ajali na uzee. Bampa lake sasa linakuja kama bampa, ndani ya kontena, au linatoka kwenye mwenzake aliyekufa. Ndiyo maana vipuri vya nje vya magari ya zamani vinapanda bei wakati gari lenyewe linashuka, na ndiyo maana wezi wanavipenda.

Tuje kwenye kununua. Kwanza ujue jina kamili la gari lako. "Prado" si jina, ni ukoo. Kuna J90 ya 1996 hadi 2002, J120 ya 2002 hadi 2009, na J150 iliyoanza 2009 ikabadilishwa uso 2013 na tena 2017. Grili ya J150 ya 2010 haikai kwenye J150 ya 2018, japo chini ni gari lile lile. Muuzaji atakwambia "hii ni ya wan-fifti, itaingia tu", na fundi wake ataisukuma kwa goti mpaka masikio yavunjike. Kifuniko cha gurudumu la akiba nacho kina mambo: kuna Prado zinazobeba gurudumu mlango wa nyuma na kuna zinazolibeba chini ya gari, na milango hiyo miwili si mmoja.

Mfano mzuri zaidi ni Jimny, hii ya kizazi kilichotoka 2018, ambayo vijana wetu wameipenda. Ziko mbili zinazofanana kama mapacha. JB64 ni ya soko la ndani la Japani, injini ya sisi 660, nyembamba, haina kope pana. JB74 ni ya injini ya lita moja na nusu, ina kope nyeusi za plastiki na bampa lililo pana zaidi ili lifuate kope hizo. Ukinunua bampa la JB64 ukalifunga kwenye JB74, linaishia ndani, kope inabaki ikining'inia hewani kama sikio la mbuzi. Picha za WhatsApp hazitakuonyesha tofauti hiyo. Nambari itakuonyesha.

Nambari iko kwenye kibati cha taarifa, ama kwenye nguzo ya mlango ama ndani ya boneti. Kwa Toyota utaona neno MODEL, na chini yake C/TR. Ile C ni rangi. Ukiona 040 ni nyeupe ya kawaida, 202 ni nyeusi, na 070 ni nyeupe ya lulu. Hizi nyeupe mbili zimegombanisha watu wengi na mafundi wa rangi. Ile ya lulu hupakwa tabaka tatu, na bampa jeupe la kawaida likikaa karibu yake, kwenye kivuli cha duka utaona sawa, ukitoka juani moja linaonekana limeoga na jingine halijaoga. Basi ukipata bampa la rangi ile ile ya gari lako, hata kama limekwaruzika kidogo, lina thamani kuliko safi la rangi nyingine, kwa sababu umejiokoa na kazi nzima ya rangi.

Kipuri chenyewe pia kina nambari. Za Toyota zina tarakimu kumi, tano na tano, na tano za mwanzo hutaja ni kitu gani: 52119 ni bampa la mbele, 52159 la nyuma, 87910 ni kioo cha ubavuni cha kulia na 87940 cha kushoto. Zikiongezwa mbili mwishoni mara nyingi ni za rangi. Piga picha nambari ya kile kilichovunjika kabla hujaondoka nyumbani. La heri zaidi, beba kilichovunjika chenyewe. Nimewaona watu wakibishana nusu saa na muuzaji juu ya jambo ambalo kuviweka vitu viwili sakafuni mgongo kwa mgongo kungelimaliza kwa dakika moja.

Sasa ugeuze. Mbele ya kipuri ni uso wa bibi harusi, kila mtu anautazama na kila muuzaji anaupamba. Ukweli uko nyuma. Tazama masikio, yaani vile vishikizi vinavyoingia kwenye bodi. Bampa lenye mkwaruzo mrefu mbele na masikio yote mazima ni bampa zuri. Bampa linalong'aa lenye masikio matatu yaliyokatika litakuwa likipiga makofi barabarani mpaka utalichoka. Tafuta gundi, nyuzi za faiba, sehemu zilizoyeyushwa kwa pasi ya moto. Kuungwa si dhambi, ila bei ya kilichoungwa si bei ya kizima.

Nyuma hapo hapo kuna maandishi madogo kati ya alama mbili kama mishale, kwa mfano >PP< au >ABS<. Hilo ni jina la plastiki, na ni la maana kuliko watu wanavyodhani. Mabampa na kope nyingi ni PP, wakati mwingine imechanganywa na mpira. Hii hujikunja bila kuvunjika, lakini gundi za kawaida haziishiki na rangi huibanduka isipopakwa prima yake maalumu kwanza. Inaungwa kwa kuyeyushwa. Grili nyingi ni ABS. Hii inashika gundi na rangi vizuri, ila ni kavu, ikipigwa inapasuka. Fundi anayekwambia atakuunga bampa la PP kwa gundi ya bomba, mshukuru uende zako.

Kwenye kope nyeusi na mikanda ya milango, adui ni jua. Plastiki iliyokaa miaka juani hupauka, ikawa na vumbi jeupe kama chaki, kisha ikaanza kuwa na nyufa nyembamba kama za tope lililokauka. Wauzaji wana dawa yake: hupaka mafuta au kiwi ya viatu, ikawa nyeusi tititi. Dawa yako wewe ni kitambaa cheupe chenye maji na sabuni. Sugua pembeni. Kitambaa kikitoka cheusi, umeshajua. Kupauka peke yake si sababu ya kukataa, kwa kuwa kunatengenezeka. Nyufa ndizo hazitengenezeki. Ibonye kwa kidole gumba na uisikilize: ikinesa ni hai, ikilia kama kigae iache.

Kromu ya grili si chuma, ni utando mwembamba juu ya plastiki. Tazama kwenye kona na chini ya beji. Ukiona viputo au vidoa vya kijani, hewa yetu ya chumvi itamaliza kazi iliyobaki, na hakuna fundi wa mtaani atakayekurudishia kromu ile. Chuma nacho usikiangalie kwa macho tu. Ngazi ya kukanyagia au ngao ya mbele, ingiza kidole kwenye tundu la bolti usikie kama ukingo unamomonyoka, kisha igonge kwa ufunguo kuanzia mwanzo hadi mwisho. Pahali sauti inapokuwa nzito ghafla pana kutu au pana pati iliyojazwa.

Wenye Land Rover za Defender wana raha na karaha yao. Raha ni kwamba gari lile lilitokana na Land Rover ya 1948, likaendelea hadi Januari 2016 likibadilika polepole sana, hivyo kipande cha gari moja mara nyingi kinakubali gari la miaka mingine. Kope zake ni za plastiki na zimeshikwa kwa ribiti. Karaha ni kwamba bodi ni aluminiamu, na aluminiamu ikigusana na chuma mahali penye unyevu wa chumvi, aluminiamu ndiyo inayoliwa. Utaona unga mweupe umeinua rangi kuzunguka skrubu. Ukinunua fenda au mlango wa mtumba, kwaruza rangi iliyovimba. Isipokuwa imevimba hata kidogo, na gari limeishi Pwani, uliza rangi hiyo ilipakwa lini.

Vioo vya ubavuni vinataka subira. Gamba linaweza kufanana kabisa na ndani kukawa na ulimwengu mwingine. Kuna kioo cha kusogezwa kwa mkono, cha mota, cha kujikunja, chenye hita, chenye indiketa, chenye kamera chini yake. Hesabu pini za soketi yako na za kile unachonunua. Zikitofautiana, usikubali maneno ya "tutaunganisha waya". Omba betri ujaribu juu, chini, kulia, kushoto na kukunjika. Muuzaji wa kweli ana betri pale pale. Na ukiona Prado kutoka Japani ina kioo kidogo cha ziada mbele upande wa kushoto, si urembo. Kule magari marefu hutakiwa kumwonyesha dereva mtoto aliyesimama karibu na gurudumu la mbele la kushoto. Huku wengi hukivunja au kukitoa wakibaki na tundu. Ukikipata cha mtumba, kirudishe. Watoto wa madrasa wanapita hapo hapo.

Jambo moja la magari mapya. Prado zilizobadilishwa uso 2017 zenye mfumo wa kujifungia breki zina rada nyuma ya beji ya mbele. Beji hiyo ni bapa na laini, imetengenezwa ili mawimbi yapite. Beji ya kawaida yenye matundu, au hiyo hiyo ikipakwa rangi, huvuruga kazi ya rada. Kwa hiyo grili ya mtumba ya gari hilo iulizie ilitoka kwenye gari lenye rada au lisilo nayo.

Nimesema nitarudia suala la wizi.

Ramadhani moja iliyopita, magari matatu yalichunwa vioo nje ya msikiti wa mtaa wetu watu wakiwa ndani kwenye tarawehe. Wenyewe waliposalimu na kutoka wakakuta waya zinaning'inia. Kesho yake mmoja wao alikwenda kutafuta kioo. Muuzaji hakuwa nacho. Akamwuliza aina ya gari, mwaka, na rangi, kisha akamwambia kwa sauti ya upole kabisa: "Njoo kesho saa nne, bwana, kitakuwa kimefika." Jamaa yangu akafurahi. Mimi nilimwuliza swali moja tu: kitafika kutoka wapi? Kontena haliji kwa usiku mmoja. Basi la Nairobi linaweza kuleta, na muuzaji wa halali atakwambia hivyo, atakutajia duka na atakuonyesha picha ya kitu kilichopo sasa hivi. Lakini asiyekuwa na picha, anayetaka kujua rangi ya gari lako na kuahidi kesho, amepokea oda. Usiku huo kuna kijana atatumwa mtaani kutafuta gari linalofanana na lako.

Kijana huyo ni wa nani? Si jini. Ni mtoto wa mtu tunayeswali naye safu moja, aliyemaliza shule hana kazi, na analipwa shilingi chache kwa kitu ambacho wewe utakinunua kwa maelfu. Akishikwa, ama ni jela ama ni lile kundi lenye mawe na tairi. Tunapokaa barazani tukilalamika kwamba vijana wameharibika, kisha asubuhi tukanunua kioo kisichokuwa na asili kwa sababu kimepungua nusu ya bei, sisi ndio mishahara yao. Nalisema hivi bila kuzunguka kwa kuwa biashara hii haina mteja kutoka mbali. Mteja ni mimi na wewe.

Sheria nayo haimwangalii mwizi peke yake. Kifungu cha 322 cha Kanuni ya Adhabu kinamfunga mtu anayepokea mali ya wizi akijua, au akiwa na sababu ya kuamini, kwamba ni ya wizi. Adhabu yake inaweza kufika miaka 14. Hayo maneno "sababu ya kuamini" ndiyo ya kuyafikiria. Ukinunua chochoroni, usiku, kwa robo ya bei, bila risiti, utamweleza nini hakimu? Na Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa inafuata kanuni ya zamani kwamba asiyemiliki kitu kwa kawaida hawezi kukumilikisha. Mwenyewe akikitambua, kinarudi kwake, na pesa yako utaidai kwa mtu ambaye hapo hatakuwepo tena.

Alama za cha wizi zinaonekana kwa anayetaka kuziona. Kioo kilichofunguliwa na fundi kina soketi nzima na skrubu zake ziko mfukoni. Kilichoibwa kina waya zilizokatwa kwa kisu na vishikizi vilivyovunjwa kwa haraka. Grili iliyofunguliwa ina klipu zake. Iliyong'olewa ina nusu za klipu zimebaki kwenye matundu. Wakenya wengi huchora nambari ya gari kwenye vioo na taa. Ukiona kioo kimesuguliwa sehemu ya chini mpaka kikawa na ukungu, au gamba limekwanguliwa mahali pamoja, hapo palikuwa na jina la mtu.

Duka zuri halikasiriki ukiuliza. Linaagiza pua nzima za magari, ile tunayoiita nozikati, na unaweza kuona bampa, grili, taa na fenda bado zimeshikana, vumbi la aina moja juu yake. Hiyo ndiyo asili bora unayoweza kuipata. Kinachotoka kwenye gari la ajali kiulizie karatasi ya mauzo ya gari hilo, na uandikiwe risiti yenye jina la duka, tarehe, kitu chenyewe na nambari ya gari kilikotoka kama ipo. Lipa kwa M-Pesa ya biashara badala ya pesa mkononi, alama ibaki.

Kuhusu kurudisha, tuna bahati kwamba dini yetu ilishalisema hili kabla ya ofisi yoyote ya walaji. Muuzaji anayejua aibu ya kitu lazima aibainishe, na mnunuzi akigundua aibu ya zamani iliyofichwa ana khiyari ya kurudisha. Mafakihi wamelieleza kwa urefu katika milango ya biashara. Katiba yetu pia, kifungu cha 46, inampa mlaji haki ya bidhaa yenye ubora wa kuridhisha. Hata hivyo, kipuri cha mtumba kinauzwa kikionekana, na mkwaruzo ulioutazama ukanyamaza si aibu iliyofichwa. Kwa hiyo mkubaliane pale pale kwa maneno yaliyo wazi: nikifunga kisipoingia, nakirudisha ndani ya siku tatu. Kiandikwe nyuma ya risiti. Nimeona wauzaji wengi, Waislamu na wasio Waislamu, wanaokubali bila ubishi. Anayekataa kabisa kuandika siku tatu amekujibu.

Kabla hujafurahia bei, piga hesabu mpaka mwisho. Tuseme, kwa mfano tu, umepata grili kwa shilingi 9,000. Ongeza klipu kumi za 50, ni 500. Basi kutoka Nairobi 800. Prima na rangi 4,000. Fundi wa kufunga 1,000. Imefika 15,300. Kama duka la jirani lina mpya ya Taiwan kwa 14,000, mtumba wako ni ghali. Vitu vya Taiwan si vyote vya kudharauliwa. Taa za Depo na TYC zina jina, na kitu kipya chenye risiti hakina mashaka ya asili. Ila kwa mabampa na kope nimeona zile nakala nyepesi zisizo na jina zikiacha mwanya wa kidole baina yake na bodi. Hapo mtumba wa asili wa kiwandani unashinda.

Ukishanunua, kufunga kwa Pwani kuna adabu yake. Usikubali skrubu za chuma cha kawaida. Nunua zisizoshika kutu na uzipake grisi kabla ya kuingia, ama sivyo mwaka ujao fundi atazikata kwa msumeno. Safisha mahali kope inapokalia, upake rangi au nta, kwani mchanga na chumvi hujificha hapo na kutoboa fenda polepole usione. Kila ukitoka ufuoni au Tana, mwagia maji matamu nyuma ya kope na ndani ya bampa, siyo juu tu panapoonekana. Chora nambari ya gari lako kwenye vioo na taa siku hiyo hiyo, na fundi akupigie ribiti moja kwenye gamba la kioo na kwenye grili. Haimzuii mwizi mwenye nia, lakini inamchelewesha, na mwizi wa vioo hana dakika za kupoteza.

Na lile bampa lako lililovunjika usimwachie fundi. Masikio yaliyobaki mazima, klipu na mabano yake vitakufaa. Plastiki yenyewe ikikatwa vipande vyembamba ndiyo fimbo bora ya kuyeyushia ufa wa bampa jingine la aina ile ile, mradi maandishi ya nyuma yanafanana, PP kwa PP.